Kuku wa Shangazi Velia Wakataa Vita

Katika miaka yote ambayo Ersilia alikuwa akicheza mchezo wa kuigiza mezani, ule ambao kila mtu hujifanya mhusika katika kisa cha msimulizi na dadu huamua kama atafaulu, wahusika wake wote walikuwa mabubu. Alianza na mpiga mishale aliyekatwa ulimi na maharamia. Huyo alipoliwa na joka, akaja na mtawa aliyeweka nadhiri ya kunyamaza. Mtawa naye alipotumbukia shimoni, Ersilia akaandika kwenye karatasi yake kwamba safari hii atakuwa mwanamke wa jiwe, amerogwa, hana mdomo. Wenzake walishamzoea. Zamu yake ikifika ananyoosha kidole kwenye ramani, anarusha dadu, basi. Yaliyobaki alisemewa na Duilio, msimulizi wao.

Kazini nako maneno yalikuwa machache. Alikuwa akiuza pizza ya kukata pale Quadraro, mtaa mmoja wa Roma, hatua chache kutoka kituo cha treni. Mteja anaonyesha sinia analolitaka, Ersilia anaweka kisu juu ya pizza na kumtazama, mteja anasema "ongeza kidogo" au "hapo hapo", kisu kinashuka na mzani unataja bei. Mtu aweza kuzeekea kazi hiyo bila kufungua kinywa.

Ndiyo maana Jumapili moja aliposema, "Mimi nina kisa," watu wote waliokuwa mezani kwa shangazi yake waligeuka kumtafuta aliyesema.

Siku hiyo joka wa mwisho wa Duilio alikuwa ameuawa, na Duilio alikuwa ametangaza kwamba Jumapili inayofuata ataanza kisa kipya, cha mazimwi tena, ila haya yatakuwa na vichwa viwili viwili. Lamberto fundi bomba akaguna. Nunzia, anayefua mashuka hospitalini na ambaye amekuwa rafiki wa Ersilia tangu utotoni, akasema, "Duilio, jamani, mazimwi tena?" Ndipo Ersilia aliposema neno lake, akaona haya, akaanza kukusanya makombo ya mkate kwa kidole.

"Nani? Wewe?" Duilio aliuliza. Alikuwa dereva wa tramu, na hata akiwa ameketi sebuleni kwa watu alizungumza kama anayeshindana na injini. "Bubu wetu ana kisa! Haya. Jumapili ijayo, baada ya kahawa, utueleze. Tukikubali, kiti cha msimulizi ni chako mpaka kisa kiishe, hata kama ni mwaka mzima. Tukikataa, narudi na mazimwi yangu, na sitaki tena kusikia mtu anaguna. Umenisikia, Lamberto?"

"Nimesafisha koo tu," Lamberto alisema.

Ersilia alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Nje alikuwa kimya, lakini ndani hakukuwa na utulivu hata kidogo. Kichwani mwake walikuwamo maseneta wanaogombana, wauza samaki, mabaharia, wajane wenye ulimi mkali, wote wanazungumza kwa mpigo tangu asubuhi anapowasha tanuri, na hakuwa na pa kuwatolea. Tangu vuli alikuwa akiwapangia kisa. Kilikuwa kisa cha Roma ya kale. Na hapo ndipo shida ilipokuwa.

"Roma ya kale?" Nunzia alimwambia walipokutana katikati ya wiki. "Mbele ya Duilio? Wewe umerogwa kweli, si yule mwanamke wako wa jiwe."

Maana mtu wa Roma huwezi kumweleza habari za Roma. Hajasoma, lakini anajua, kwa sababu anaegesha gari hapo. Duilio alikuwa akipita na tramu yake chini ya lango la kale kila siku, basi akajihesabu kuwa mwenye lango. Lamberto, kila akichimba kutafuta bomba, hukuta ukuta wa watu wa zamani, na ana maoni makali juu ya mafundi wao. Hata Nunzia mwenyewe, ambaye alikuja kumsaidia tu, hakuweza kujizuia. Ersilia alipojaribu kumsimulia jinsi seneta wake anavyoshuka kilimani usiku kwenda mtoni, Nunzia alimkatiza.

"Kwa njia ile? Mtu mzima? Asingeshuka pale, angezunguka. Mteremko ule mbaya, mjomba wangu alivunjika nyonga."

"Nunzia, hii ni miaka elfu mbili iliyopita."

"Mteremko ni mteremko."

Basi Ersilia akamfuta seneta. Akafuta na baraza, na majeshi, na vilima vyote saba. Akaanza kutafuta kipembe cha historia ambacho hakuna mtu wa Quadraro aliyewahi kukipitia kwa miguu wala kwa tramu. Akakipata. Kilikuwa kuku.

Makamanda wa kale walisafiri vitani na kuku watakatifu ndani ya matundu. Kabla ya kupigana, kuku walimwagiwa nafaka. Wakila kwa pupa, miungu imeridhia, pigeni. Wakisusa, kaeni mlipo. Kuna kamanda mmoja, katika vita vya baharini na watu wa Kartago, kuku wake walikataa kula. Akasema kama hawataki kula basi wanywe, akawatosa majini, na siku ile ile akapoteza karibu meli zake zote. Ersilia aliposoma hayo nyuma ya kaunta alicheka peke yake, mpaka mteja akamwuliza kama pizza ya viazi imekwisha au ndiyo inamchekesha.

Wenzake wasingekuwa makamanda, basi. Wangekuwa watunza kuku katika meli ya vita. Wakubwa wote wangewategemea na hakuna ambaye angewasalimia. Maadui wangetaka kuwahonga, manahodha wangetaka kuwatisha, kuku wangeugua, wangeibwa, wangetaga siku mbaya. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba Duilio asingeweza kumsahihisha. Tramu haipiti hapo.

Alijiandaa wiki nzima. Alikuwa akiingia kwenye chumba baridi cha kuhifadhia jibini, anafunga mlango, anajaribu sauti ya kamanda. Mwenye duka alimkuta siku moja akiyaamuru mafungu ya jibini yasirudi nyuma. Hakumwuliza kitu, alichukua siagi akatoka.

Kosa la Ersilia lilikuwa moja, nalo lilimpitia kwa sababu alilizoea. Shangazi Velia, dada mkubwa wa baba yake, mwenye nyumba na mwenye meza, alikuwa anafuga kuku uani, na mayai yao Ersilia alikuwa akiyala tangu alipoota meno.

Jumapili ikafika. Walikula rigatoni, zile tambi nene zenye tundu, wakala na mboga ya artichoki ya kukaanga, na hakuna aliyethubutu kutaja mchezo, kwa kuwa Shangazi Velia alikuwa na sheria: mpaka kahawa inywewe na kitambaa cha meza kikung'utwe dirishani. Kisha akaenda kuosha vyombo na kuwapa mgongo. Huo ulikuwa mtindo wake wa kusikiliza.

"Haya, bubu," Duilio alisema, "tunakusikiliza."

Ersilia akaanza. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

"Sauti, mama! Hata hao kuku hawatakusikia," Duilio alisema.

"Nani amekwambia kuna kuku?" Nunzia alimwuliza.

"Nimesikia kuku. Si amesema kuku?"

"Kumbe unasikia. Nyamaza, basi."

Ersilia akaeleza. Meli, vita, matundu, nafaka. Lamberto alikunja uso.

"Ngoja nielewe. Sisi si makamanda?"

"Hapana."

"Wala askari?"

"Hapana."

"Basi upanga mdogo tu?"

"Wewe una ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya nafaka. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa wewe. Hata kamanda akiigusa anatiwa hatiani."

Lamberto akasogeza kiti karibu. "Ya mbao au ya shaba?" aliuliza, na Ersilia akajua kwamba huyo amempata. Akamtazama Duilio. Duilio alifungua kinywa, akatafuta mahali pa kushika, hakupaona, akakifunga. Akakifungua tena. Hakikutoka kitu. Kwa Ersilia hiyo ilikuwa furaha isiyo na mfano, na ilidumu muda wa kumeza mate.

"Kuku hawakai chini ya sitaha," sauti ilitoka kwenye sinki.

Wote wakageuka. Shangazi Velia hakugeuka.

"Umesema umewaweka chini kule kwenye makasia. Giza, unyevu, watu wanatoka jasho. Watakufa kabla hamjaiacha bandari. Na tundu moja umewatia wangapi?"

"Sijahesabu, shangazi."

"Hujahesabu. Watadonoana macho. Nani anafagia? Jogoo yupo? Kama yupo, mchafuko. Kama hayupo, nani anawaamsha? Na meli ikiyumba, mwanangu, kuku hali. Kuku mwenye kizunguzungu hata umpe keki ya harusi hali. Hiyo miungu yenu ilikuwa inawauliza kuku wagonjwa."

Uso wa Ersilia ulipata moto kama tanuri la kazini. Duilio alifufuka.

"Mtaalamu huyo hapo!" alisema, akipiga meza. "Na mimi nasema hivi. Wazee wetu hawakuanza jambo kubwa bila kuwauliza kuku. Ersilia amesema mwenyewe. Sasa anatutaka tuanze kisa cha mwaka mzima bila kuwauliza? Kuku si hao uani? Tuwaulize. Wakila, kiti ni chake. Wakisusa, mazimwi."

"Duilio, acha ujinga," Nunzia alisema.

"Ujinga wa nani? Ni wake au ni wangu? Kama kuku wana maana, twende. Kama hawana maana, tunacheza nini?"

Lamberto alikuwa ameshasimama. Ersilia alitaka kukataa, ila aliona kwamba akikataa, amekikana kisa chake kwa mdomo wake. Akaitikia kwa kichwa.

Uani kulikuwa na jua la baridi na nguo zimeanikwa. Kuku walikuwa wamelala kwenye vumbi chini ya mashuka. Shangazi Velia alikuwa amewapa majina ya mawifi zake: Assunta, Iole, na yule mnene mwenye kelele aliitwa Pierina, ambalo ni jina la mama yake Ersilia. Jambo hilo lilikuwa limewahi kuleta maneno sikukuu moja ya Pasaka, lakini kuku hakubadilishwa jina.

Lamberto akapewa bakuli la mahindi. Alilishika kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo Ersilia hakuwahi kumwona nayo hata kanisani, akamwaga mahindi mbele ya kuku.

Kuku wakayatazama mahindi. Assunta akafumba macho. Iole akasogea pembeni ili yasimguse. Pierina alisimama, wote wakashika pumzi, akatembea juu ya mahindi kama mtu anayevuka barabara yenye matope, akajitikisa, akarudi kulala.

Duilio akavua kofia. "Miungu imesema."

"Shangazi, wana nini hawa?" Nunzia aliuliza.

"Hawana kitu. Wameshiba. Nimewapa rigatoni zilizobaki."

"Sasa! Hawana njaa, haihesabiki!"

"Inahesabika," Duilio alisema. "Miungu hupita njia inazozitaka, hata rigatoni. Jumapili ijayo mje na panga zenu, jamani, zimwi la kwanza liko darajani."

Ersilia alihisi machozi yanamjia. Alitazama pembeni asionekane, macho yake yakaangukia kwa Lamberto. Lamberto alikuwa bado ameshika bakuli tupu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Alikuwa ameanza kuipenda ile kazi. Hapo Ersilia akakumbuka hadithi nyingine ya kuku, ambayo hakuwa amewasimulia. Akajinyoosha. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya chumba cha jibini.

"Mtunza kuku!"

Shangazi Velia aliangusha kibanio cha nguo. Lamberto alishtuka akatazama nyuma yake, kisha akaelewa kwamba ni yeye.

"Naam?"

"Naam, nani?"

"Naam, kamanda."

"Kuku wamekula?"

Lamberto aliwatazama kuku. Akamtazama Duilio. Akatazama bakuli. Wote walikuwa wanayaona mahindi pale chini, punje kwa punje, hakuna hata moja iliyoguswa.

"Wamekula, kamanda," alisema.

"Vipi?"

"Kwa pupa, kamanda. Mpaka nafaka zinawadondoka midomoni."

"We mwongo!" Duilio alipaza sauti. "Wote tuna macho!"

"Mimi sijaona," Ersilia alisema. "Kamanda hakai kutazama kuku, ana vita. Kamanda huletewa habari. Nimeletewa habari kwamba wamekula, basi kwangu wamekula, na kwa Roma wamekula. Ndivyo ilivyokuwa, Duilio. Kuna kamanda mtunza kuku wake alimdanganya hivi hivi, watu wakaja kumnong'oneza, akawaambia, mimi nimeshaambiwa ni heri, inatosha. Akapigana, akashinda."

"Na mwongo wake?"

"Aliwekwa mstari wa mbele kabisa, ili miungu isipate taabu kumtafuta. Mkuki ulimpata kabla vita havijaanza."

Lamberto aliinua mkono. "Kamanda, ningependa kurekebisha kidogo. Wamekula kiasi. Iole alionyesha nia."

"Mmesikia!" Duilio alisema. "Shahidi anageuka! Mimi sikubali. Nakata rufaa."

"Kwa nani?"

"Kwa mabaharia!" Akapanda juu ya kizingiti cha banda, akanyoosha mkono kuelekea kwa Nunzia, kwa Shangazi Velia na kwa mashuka yaliyoanikwa. "Ndugu zangu wapiga makasia! Nyinyi mna wake, mna watoto! Mtazama baharini leo, mtaliwa na samaki, kwa sababu ya mtu mmoja na ndoo yake! Mimi nimekaa na kuku hawa tangu walipopandishwa melini. Nawajua kwa sura. Huyu mnene hajagusa hata punje!"

"Kweli hajagusa," Shangazi Velia alisema.

"Mmemsikia mama wa watu! Wekeni makasia chini! Hatutoki!"

Dirisha la jirani likafunguka. "Wee Duilio! Timu yako ya Lazio imefungwa tena?"

"Funga dirisha lako, tuko vitani!"

Ersilia alingoja dirisha lifungwe.

"Duilio," alisema taratibu, "rusha dadu. Tuone kama mabaharia wanakuamini."

Duilio hakufikiri hata kidogo. Alitia mkono mfuko wa shati, akatoa dadu yake ya pande ishirini, akachuchumaa, akaipuliza na kuirusha kwenye matofali. Ikaruka, ikabingirika, ikasimama mbele ya Pierina. Kumi na saba.

"Kumi na saba!" Duilio alisema. "Wananiamini! Meli nzima!"

Pierina akanyoosha shingo, akaitazama dadu kwa jicho moja, kwa jicho la pili, akaidonoa. Dadu ikageuka. Tatu.

"Amekula!" Lamberto alipiga kelele, akiruka na bakuli lake. "Mmeona! Amedonoa! Sikudanganya, nilitangulia tu!"

"Hiyo haihesabiki!" Duilio alisema. "Kumi na saba ilishasimama. Nunzia, si ilishasimama?"

"Mimi mpiga makasia tu, kaka," Nunzia alisema. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anajifuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Siruhusiwi kuwa na maoni."

"Shangazi?"

"Dadu iliyoguswa na kuku ikaoshwe, hilo ndilo ninalojua."

Duilio akamgeukia Ersilia, mwekundu hadi masikioni, akionyesha dadu kwa mikono yote miwili. "Basi amua! Kumi na saba au tatu? Si wewe ndiye msimulizi?"

Nunzia akaacha kujifuta macho. Hata Lamberto aliteremsha bakuli. Duilio alibaki na mikono hewani. Alionekana anayasikiliza maneno yake mwenyewe, kama dereva aliyepitiliza kituo na sasa anasikia kengele za abiria.

Ersilia hakumcheka. Alikuwa anafikiria hukumu.

"Tatu," alisema. "Kuku ni watakatifu. Wakiligusa jambo, wameligusa. Mabaharia hawakuamini, Duilio. Mmoja amekutupia kitunguu. Meli inatoka."

"Huo ni uonevu!"

"Ameshasema, mwanangu," Shangazi Velia alisema, akimshika bega. "Ingia ndani, utapata baridi na huna koti."

Wakaingia. Duilio alifika mezani, akakiangalia kile kiti alichokikalia miaka yote, akakizunguka na kwenda kukaa kwenye stuli kando ya jokofu. Alivuta karatasi tupu. Alishika kalamu kwa muda bila kuandika.

"Huyu mtu wangu," alisema bila kuinua macho, "aliyetupiwa kitunguu. Ana haki ya kulipiza kisasi?"

"Ana haki ya kujaribu," Ersilia alisema.

Duilio akaanza kuandika kwa kasi. Nunzia akaomba awe mpiga makasia anayeuza mayai kwa siri. Shangazi Velia alisema yeye hachezi, hana muda wa mambo ya watoto, kisha akakaa, akakunja mikono, akasema matundu yapande juu ya sitaha au ataondoka na kuku wake. Ersilia akayapandisha.

"Haya," shangazi alisema. "Tumetoka bandarini. Halafu?"

Wote walikuwa wanamtazama. Ersilia alifungua kinywa, na watu wote wale waliokuwa wakisukumana kichwani mwake tangu vuli wakakaa kimya wampishe.

"Halafu upepo ukageuka," alisema, "na Lamberto akaanza kutapika."

"Kwa nini mimi?" Lamberto aliuliza.

"Mwongo ni nani?" Duilio alimjibu, akiburuta stuli yake kuja karibu na meza. "Nyamaza tusikie."